"Alikwenda Mwenyewe" Si Jibu

(Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Tawi mbele ya wanachama, Vitengeni. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku ile wasiweze kufika.)



Nimeombwa niseme juu ya sheria za mataifa zihusuzo ulanguzi wa wanawake, yaani biashara ya kuwatoa wanawake nchi moja na kuwapeleka nchi nyingine wakatumiwe kama mali. Najua wako waliosema, "Hayo ni mambo ya Geneva na New York. Sisi wa Vitengeni yatuhusu nini?" Nawaomba mnivumilie. Mambo haya hayaanzi Geneva. Yaanzia hapa kituoni, alfajiri, msichana anapopanda matatu na mfuko mmoja mkononi, mamake amesimama kando anafuta machozi kwa upindo wa leso, na sisi wengine tunapita tukisema, "Mungu amemfungulia mlango."

Nitaanza na nyumba yangu mwenyewe, maana si adabu mtu kufagia ua wa jirani na wake una takataka.

Binti wa dada yangu, ambaye jina lake sitalitaja, ameniruhusu niyaseme haya. Mwaka 2021, mvua zilipokuwa zikikosa msimu baada ya msimu, na mbuzi wamekwisha kuuzwa kwa bei ya kuku, alikuja kwao mama mmoja wa huku huku kwetu, mtu anayesema lugha yetu, mtu tuliyemwita shangazi. Akasema iko kazi ya duka katika nchi ya Ghuba, mshahara Sh. 30,000 kila mwezi, chakula na malazi bure, tikiti bure. Dada yangu akaniita mimi kama mjomba wa mtoto nije niwe shahidi. Karatasi ilikuwa na Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kurasa sita. Nikaambiwa gari langoja. Nikatia sahihi juu ya boneti ya gari, ukurasa wa mwisho, bila kusoma hata mstari mmoja. Mimi, ndugu zangu! Mimi niliyewafundisha ninyi hapa hapa kwamba mfanya kazi asitie kidole chake katika neno asilolijua.

Alipofika, pasi yake ilichukuliwa uwanja wa ndege. Duka halikuwako. Alikuta nyumba kubwa na watu kumi na mmoja, kazi tangu alfajiri hata usiku wa manane, mlango umefungwa kwa nje. Alipodai mshahara aliambiwa, "Tumekununua kwa wakala, kwanza fedha yetu irudi." Usiku mmoja alipata simu akampigia mamake. Dada yangu akanipigia mimi, analia. Nami nikamjibu neno ambalo mpaka leo halijaniacha nilale vizuri. Nilisema: "Alikwenda mwenyewe. Nani alimlazimisha?"

Alirudi baada ya miezi 14, na mshahara wa miezi miwili. Yuko hai, na twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hotuba yangu yote leo ni juu ya neno lile moja nililomjibu dada yangu. Nataka kuwaonyesha kwamba sheria za ulimwengu, na sheria ya Kenya yenyewe, zinalikataa neno lile.

BIASHARA HII SI NGENI PWANI

Wazee mliopo hapa mwajua kwamba pwani hii ilinunua na kuuza watu. Mashamba ya mtama ya Malindi katika karne ya kumi na tisa yalilimwa na watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja, akiwa ametishwa na manowari za Waingereza, alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa na kukataza kusafirisha watu kwa bahari. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya mataifa: mapatano kati ya dola na dola. Lakini angalieni: utumwa wenyewe, katika pwani hii yetu, haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1907. Kati ya karatasi ya kwanza na ya pili ni miaka 34. Muda huo wote waliotaka uhuru walijifungulia wenyewe. Walikimbilia bara, wakajenga miji yao ya watoro, kama Fuladoyo.

Tena kuna jambo jingine la kukumbuka. Si wote waliochukuliwa kwa mkuki. Njaa ya mwaka 1884 ilipowashika watu wetu, wako waliowaweka watoto wao rehani kwa watu wa pwani ili wapate nafaka, wakitumaini kuwakomboa mavuno yakija. Wengine hawakukombolewa tena. Rehani ikageuka kuwa uuzaji. Je, mzazi yule aliuza mtoto kwa hiari? Sisi hatusemi hivyo, maana twajua njaa ni nini. Basi kama hatusemi hivyo juu ya wazee wetu wa 1884, mbona twasema hivyo juu ya mabinti zetu wa leo? Deni na njaa ndizo zilizofungua mlango wakati ule, na ndizo zinazoufungua sasa.

JINSI SHERIA ILIVYOKUA

Mwaka 1904, huko Paris, serikali kadha za Ulaya zilipatana kwa mara ya kwanza kuzuia biashara ya kuuza wanawake. Lakini mapatano yale yalitaja kwa jina lake biashara ya "watumwa weupe". Mwanamke mweusi hakuwamo. Mwaka 1921, chini ya Chama cha Mataifa kilichokuwako kabla ya Umoja wa Mataifa, neno la rangi likaondolewa, likawekwa "wanawake na watoto". Mwaka 1949 Umoja wa Mataifa ukafanya mapatano mengine. Hata hivyo sheria zote hizo zilitazama jambo moja tu, yaani umalaya. Mwanamke aliyefungiwa jikoni afanye kazi bila mshahara hakuwamo.

Ilibidi kungoja mpaka tarehe 15 Novemba 2000, Umoja wa Mataifa ulipopitisha Itifaki iitwayo ya Palermo, kwa jina la mji wa Italia ilikofunguliwa kwa kutiwa sahihi. Ilianza kuwa na nguvu tarehe 25 Desemba 2003. Kenya iliingia mwaka 2005. Na msidhani ni sisi tu tulioingia: Oman iliingia mwaka 2005, Saudi Arabia mwaka 2007, Qatar na Falme za Kiarabu mwaka 2009. Basi nchi inayompeleka mfanya kazi na nchi inayompokea zote zimeweka sahihi katika karatasi moja.

Karatasi hiyo yasemaje? Yasema ulanguzi wa watu una vipande vitatu, kama mafiga matatu ya jiko.

Figa la kwanza ni KITENDO: kumwandikisha mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumficha au kumpokea.

Figa la pili ni NJIA: nguvu, vitisho, kuteka nyara, hila, udanganyifu, kutumia vibaya mamlaka, kuitumia hali ya unyonge wa mtu, au kumlipa mtu mwenye amri juu ya mwingine ili akubali.

Figa la tatu ni KUSUDI: kumnyonya. Na kunyonya hapa si umalaya peke yake. Ni pamoja na kazi ya kulazimishwa, utumwa, na mambo yafananayo na utumwa.

Yakipatikana mafiga yote matatu, chungu kimekaa: huo ni ulanguzi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, figa la pili halihitajiwi kabisa. Ukimchukua kwa kusudi la kumnyonya, yatosha.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo neno langu lilipovunjika. Itifaki yasema wazi kwamba pale mojawapo ya njia zile ilipotumika, kukubali kwake yule aliyechukuliwa hakuhesabiwi. Hakuna maana. Msichana alikubali kazi ya duka, hakukubali kufungiwa. Alikubali mshahara, hakukubali kuambiwa amenunuliwa. Ukimwuzia mtu gunia la mahindi, akafika nyumbani akakuta mchanga, hutasema, "Alilibeba mwenyewe."

SHERIA YETU WENYEWE

Kenya haikuacha maneno hayo katika karatasi za mataifa. Bunge lilitunga Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Watu ya mwaka 2010, ikaanza kutumika mwaka 2012. Adhabu yake si mchezo: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au yote mawili. Nayo pia yasema kukubali kwake aliyelanguliwa si kinga ya mlanguzi. Kuchukua au kuficha pasi ya mtu ili kumlangua ni kosa peke yake.

Tena fahamuni: yule shangazi aliyekuja na gari hakuvuka mpaka. Lakini kuandikisha ni kitendo, na alikifanya hapa. Udanganyifu ni njia, na aliitumia hapa. Basi asituambie kwamba yaliyotokea Ghuba yakashitakiwe Ghuba.

Iko sheria nyingine iliyo karibu nasi zaidi, nayo wachache waijua. Ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Yasema mkataba wa kazi ya nchi za nje uandikwe kwa namna iliyowekwa, na uthibitishwe na Ofisa wa Kazi wa serikali. Ofisa huyo hatakiwi kupiga muhuri tu. Yampasa aridhike kwamba mfanya kazi ameyafahamu masharti, amekubali bila kudanganywa wala kushurutishwa, afya yake yafaa kwa kazi ile, na hafungwi na mkataba mwingine. Amwandikishaye mtu kwenda nje bila mkataba uliothibitishwa ametenda kosa. Je, binti yetu alipita mbele ya Ofisa wa Kazi? Hakupita. Alipita juu ya boneti ya gari, na shahidi wake nilikuwa mimi.

MAPATANO YA WAFANYA KAZI

Sisi ni chama cha wafanya kazi, kwa hivyo yatupasa kujua nyumba yetu. Shirika la Kazi Ulimwenguni, lililoko Geneva, lilipitisha mwaka 1930 Mapatano Na. 29 ya kukataza kazi ya kulazimishwa. Kenya iliyakubali Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya Uhuru. Saudi Arabia iliyakubali mwaka 1978.

Kisha tarehe 16 Juni 2011 yakapitishwa Mapatano Na. 189, ya watumishi wa nyumbani. Yasema mtumishi wa nyumbani ni mfanya kazi kama wengine. Anayeajiriwa nchi moja akafanye kazi nchi nyingine apewe mkataba wa maandishi kabla hajavuka mpaka. Apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Akae na pasi yake mwenyewe. Malipo ya wakala yasikatwe katika mshahara wake. Someni tena orodha hiyo mkiwa nyumbani, mwone jinsi kila mstari wake unavyojibu jambo moja lililomfika binti yule.

Lakini mapatano humfunga aliyeyakubali tu. Afrika Kusini iliyakubali mwaka 2013. Katika nchi za Ghuba, mpaka mwaka 2023 hapakuwa hata moja iliyoyakubali. Huko hutawala desturi iitwayo kafala, maana yake udhamini: ruhusa ya mgeni kukaa nchini imefungwa katika jina la tajiri wake. Akimkimbia tajiri, hata kwa kuokoa roho yake, aweza kuitwa mtoro. Ndugu zangu, neno hilo la "mtoro" pwani hii yalijua sana. Saudi Arabia ilipolegeza udhamini mwaka 2021, watumishi wa nyumbani waliachwa nje ya malegezo hayo.

Na hasara si maneno. Serikali yetu yenyewe iliripoti kwamba Wakenya 89, wengi wao watumishi wa nyumbani, walikufa Saudi Arabia katika miaka ya 2020 na 2021. Walio wengi katika taarifa zilizoletwa waliandikiwa kwamba moyo ulisimama. Mimi si daktari. Lakini kila mtu afapo moyo husimama. Mzazi anayepokea sanduku ana haki ya kuuliza: ulisimamishwa na nini?

BABA ALIYEULIZA

Nitawapa kisa cha mzazi mmoja aliyeuliza, ili msiseme kwamba kuuliza hakuna faida.

Mwezi Machi 2001 msichana wa Kirusi wa miaka 20, Oxana Rantseva, alikwenda Cyprus kwa viza halali ya kazi ya klabu ya usiku. Alikwenda mwenyewe. Baada ya siku tatu za kazi aliondoka. Mwenye klabu alimtafuta, akampata, akampeleka kwa polisi. Polisi walikuta hana kosa lolote. Badala ya kumwuliza ana shida gani, walimwita mwenye klabu aje amchukue. Asubuhi yake alikutwa amekufa barabarani, chini ya ghorofa alimokuwa amewekwa.

Babaye, Nikolay Rantsev, hakukubali kuambiwa kwamba mambo yamekwisha. Alipeleka kesi katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Tarehe 7 Januari 2010 mahakama ikaamua kwamba Cyprus ina hatia, maana haikumlinda, wala haikuchunguza kifo chake kama ipasavyo. Na Urusi nayo ina hatia, maana haikuchunguza ni nani waliomwandikisha huko kwao. Nchi mbili zikahukumiwa: iliyompokea na iliyomtoa. Hukumu ile haiifungi Kenya, lakini inafundisha. Serikali inayotoa watu haiwezi kusema, "Walipovuka mpaka wetu, kazi yetu ilikwisha."

Na katika Afrika yetu, mwanamke wa Niger, Hadijatou Mani, aliyeuzwa akiwa na miaka 12, aliishitaki serikali yake katika mahakama ya nchi za Afrika Magharibi. Tarehe 27 Oktoba 2008 mahakama hiyo iliamua kwamba Niger ilishindwa kumlinda na utumwa, ikaamrisha alipwe fidia. Mwanamke wa kijiji, asiye na cheo, aliisimamisha serikali mahakamani akaishinda.

TUSINYOOSHE KIDOLE UPANDE MMOJA

Sasa nataka kusema maneno mawili ya haki, hata kama hayatafurahisha wote.

La kwanza. Si kila wakala ni mlanguzi, wala si kila tajiri wa Ghuba ni mnyonyaji. Wako mabinti waliokwenda, wakalipwa, wakarudi, wakajenga nyumba ya mabati na kusomesha wadogo zao. Chama hiki hakimkatazi mtu kutafuta riziki. Serikali iliwahi kujaribu kukataza: mwaka 2014 ilizuia safari za watumishi wa nyumbani kwenda Mashariki ya Kati na kuvunja leseni za mawakala. Mwaka 2017 ikafungua tena. Katika miaka ile ya katazo watu hawakuacha kwenda. Wengine walipitia nchi jirani, wakaenda bila karatasi yoyote ya kuwalinda. Ukimfungia mwenye njaa mlango, hupita dirishani. Tunachotaka sisi ni mlango wenye taa.

La pili. Sisi nasi tu nchi ya kupokea. Mwezi Aprili 2019 wasichana 12 wa Nepal waliokolewa kutoka klabu ya usiku Mombasa, mji wetu wenyewe, ambako wenzetu wengi wanafanya kazi. Bila shaka huko Nepal nako walikuwako wajomba waliosema, "Walikwenda wenyewe." Na kabla hatujatukana matajiri wa mbali, tujiulize: ni wangapi kati yetu, au jamaa zetu wa Mombasa na Malindi, walio na mtoto wa kike aliyetolewa Ganze au Bamba kwa ahadi ya shule, naye hajaliona darasa, hana mshahara, halali mpaka wote walale? Itifaki ya Palermo yahusu mipaka ya nchi, lakini sheria ya Kenya haingoji mpaka uvukwe. Chama hakitakuwa na uso wa kusema ikiwa mwanachama wetu ana mtoto wa namna hiyo jikoni.

TUFANYE NINI

Bwana Mwenyekiti, sheria haina miguu. Lazima ibebwe. Naomba tawi hili likubali mambo yafuatayo:

1. Mwanachama yeyote asitie sahihi ya ushahidi katika mkataba wa kazi ya nje asioweza kuusoma. Aulete hapa; tutatafuta mtu wa kuusoma kwa sauti, kwa Kiswahili au Kigiriama, mbele ya msichana na wazazi wake.

2. Msafiri yeyote aulize Ofisi ya Kazi kama wakala ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mkataba uthibitishwe na Ofisa wa Kazi. Wakala anayesema, "Hakuna wakati wa hayo," amekwisha kujitambulisha.

3. Kabla ya kuondoka, nakala ya pasi, ya mkataba, jina la wakala, na jina na mahali pa tajiri viachwe mahali pawili: kwa wazazi, na katika kabati la tawi. Binti yetu alipopiga simu, hatukujua hata mji aliokuwamo. Karatasi moja ingetosha.

4. Simu ya shida ikija, asijibiwe kwa lawama. Iandikwe tarehe, saa, na maneno yake hasa. Jamaa wasitume fedha kwa wakala ili "amwachilie". Hiyo ni kumlipa mwizi akurudishie mali yako. Habari ipelekwe polisi, Ofisi ya Kazi, na kwa ubalozi wa Kenya katika nchi ile. Chama cha KUDHEIHA, kinachoandikisha watumishi wa nyumbani, kiarifiwe pia, maana wana ndugu zao wa kazi hiyo hiyo katika nchi nyingi.

5. Anayerudi apokewe. Asiulizwe, "Umeleta nini?" Aulizwe, "Umekula?" Na akiwa tayari, asaidiwe kuandika ushahidi wake. Mlanguzi hafungwi na hasira zetu. Hufungwa na ushahidi. Na ushahidi haupatikani kwa mtu tuliyemwaibisha.

Ndugu wanachama, katika nchi hii ya Wagiriama, mwaka 1913, Waingereza walipotaka vijana waende kufanya kazi katika mashamba ya mbali, mwanamke mmoja, Mekatilili wa Menza, alisimama akawaapisha watu wasikubali. Alikamatwa akapelekwa Kisii, akatoroka akarudi kwao. Hakuwa na Itifaki wala Mapatano Na. 189. Alikuwa na neno moja tu: watoto wetu hawaendi mahali ambapo hatuna sauti. Sisi leo tuna karatasi zote ambazo yeye hakuwa nazo. Itakuwa aibu gani tukikosa lile neno lake moja!

Nami namalizia nilipoanzia. Dada yangu yuko hapa leo, ameketi upande wa akina mama. Nilimwomba radhi nyumbani, naye akanisamehe. Lakini neno nililosema lilisikiwa na watu wengine siku ile, na wengine wakalichukua wakalitumia juu ya mabinti wa watu wengine. Kwa hivyo nalirudisha mbele ya wote. Mtu akikwambia juu ya msichana aliyepotelea ng'ambo, "Alikwenda mwenyewe," mjibu hivi: "Ndiyo, alikwenda. Sasa tuambie nani alimwandikisha, kwa maneno gani, na pasi yake iko wapi."

Hayo matatu ndiyo sheria yenyewe, kuanzia Vitengeni hata Geneva.



(Baada ya hotuba mambo yote matano yalikubaliwa kwa kunyosha mikono. Wazazi watatu walileta mikataba ya binti zao siku ile ile ikasomwa. Mmoja wa mikataba hiyo haukuwa na jina la tajiri. Safari imesimamishwa mpaka lipatikane. Kabati la tawi liko wazi siku za kazi.)